Mgongo Ulionunuliwa Nizwa

Mahbouba aliingia nyumba ile kutafuta choo, akatoka na mama yake kwapani.

Choo chenyewe hakukiona. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mnada wa mbuzi wa Nizwa umeshapamba moto, na mwanawe Soud alikuwa bado anahangaika kumfunga miguu mbuzi waliyemnunua kwa akika ya mtoto wake. Mbuzi alichaguliwa na Mahbouba. Soud kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta ya baladiya, ofisi ya mji, kule kwao Ibra, na mama yake hamwamini na mnyama yeyote mwenye pembe. Ndiyo maana alipanda naye gari alfajiri, akamwacha mkwewe Balqis nyumbani na kichanga, akaja kuwapapasa mbuzi wa watu mbavu mpaka wenyewe wakaanza kucheka. Kila aliyemcheka alimkaribisha kahawa, na yeye si mtu wa kukataa kahawa ya watu. Sasa kahawa zote zilikuwa zinadai haki yao.

Akaelekezwa nyumba ya kale ya udongo, ndani ya mtaa nyuma ya soko, iliyogeuzwa mkahawa. Akaingia. Vijana kwa wazee walikuwa wamejilaza juu ya mito, vikombe mkononi, picha zimewazunguka kwenye kuta zote. Mahbouba akainamisha macho kama inavyompasa mwanamke mtu mzima aliyejikuta penye wanaume wasiomhusu, akavuta abaya yake, akapita pembeni. Alipoyainua tena, mama yake alikuwa amekaa pale kwenye ukuta wa mwisho, anachoma vitumbua.

Alikuwa ameipa dunia mgongo. Kigoda kifupi chini yake, kanga imeteleza mabegani, nywele zimesukwa mikia miwili ikafungwa juu, shingo imeachwa wazi ipate upepo. Bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kama linasikiliza neno linalosemwa sakafuni. Kisigino kimoja kimenyanyuka. Mbele yake moshi tu, na wekundu wa moto unaochungulia kando ya kiwiko. Uso haukuwepo. Na chini ya kisogo, pale nywele zinapoanzia, baka dogo jeusi kama punje ya buni.

Mahbouba akashika ukuta. Udongo ukamomonyoka kidogo chini ya kucha zake.

Mama yake alifia Wete, Pemba, Mahbouba hajaanza hata chuo cha Kurani. Baba akamchukua akaja naye Oman na sanduku moja, na ndani ya sanduku hamkuwa na picha, maana kupiga picha ilikuwa kazi ya watu wenye nafasi zao. Uso ukamtoka. Ulimtoka pole pole, kama rangi inavyotoka kwenye nguo ya kila siku, na siku aliyotanabahi ulikuwa umekwisha. Watoto wake walipokuwa wadogo wakimuuliza bibi yao alikuwa na pua ya namna gani, alikuwa anatunga. Leo ndefu, kesho ya duara. Kilichobaki ni mgongo. Mama alikuwa akichoma vitumbua vya biashara, na mtoto hakuruhusiwa kukaa mbele ya mafuta. Mahali pake palikuwa nyuma, juu ya jamvi, anangoja vinavyovunjika. Na usiku akibebwa, alikuwa akilitafuta lile baka kwa kidole, akilishika mpaka usingizi umchukue.

Kijana mwenye mkahawa, aitwaye Adham, alikuja kumuuliza kama anaumwa. Hakuumwa. Alitaka kujua aliyechora amemwona wapi mtu huyu. Adham akasema mchoraji ni msichana wa Sur, jina lake limeandikwa pale pembeni. Mahbouba hakuhangaika na jina. Sur ilimtosha. Watu wa Sur na mashua zao walikwenda Pemba kama watu wanavyokwenda dukani. Babu wa msichana huyo angeshindwaje kupita Wete, akanunua vitumbua, akapiga picha moja ya mwanamke anayemwuzia? Hesabu ikamwingia sawasawa, haikubakisha kitu.

"Mama, hutaki kwanza kumuuliza mtu wa nyumbani?" kijana alisema, alipoona mkoba unafunguliwa.

"Wa nyumbani ndiye huyu," Mahbouba akamjibu.

Akamimina fedha zote za jiko jipya la gesi juu ya meza, bila kuzihesabu. Akaondoka nayo picha, imefungwa karatasi, na mpaka anafika kwenye gari haja iliyompeleka ilikuwa imesahauliwa na mwili wenyewe.

Soud alipoambiwa, aliliacha gari likinguruma palepale. Jiko la nyumbani lina mguu mmoja uliokatika, limekingwa na tofali. Kila siku mama analilalamikia, na kila siku mwana anajitolea kununua jipya, na kila siku mama anakataa, anasema atanunua mwenyewe kwa jasho lake. Leo amenunua karatasi.

"Sikununua karatasi. Nimemnunua bibi yako."

Soud akamtazama vile watoto wanavyowatazama wazazi wao mara ya kwanza wanapoogopa kwamba akili imeanza kuhama. Kisha akaendesha. Mpaka walipofika mji wa Samad hakusema neno. Aliyesema alikuwa mbuzi, kule nyuma, na Mahbouba alimjibu mara mbili tatu kwa upole, picha imelala magotini mwake.

Nyumbani alikwenda nayo moja kwa moja chumbani kwa Balqis. Wageni wa akika walikuwa bado hawajafika. Aliyekuwepo ni Azza tu, jirani yao, ambaye hangoji mwaliko. Azza anauza vitambaa katika soko la wanawake la Jumatano pale Ibra, meza yake imegusana na jiko la vitumbua la Mahbouba, na hakuna habari inayoingia wala kutoka mji ule bila kupita kwake kulipa ushuru. Alikuwa amempakata mtoto, anamsimulia Balqis juu ya mke wa mtu.

Mahbouba akaichana karatasi. Akaisimamisha picha juu ya kiti, akarudi nyuma, mikono kifuani, kama mtu aliyeleta mgeni mkubwa.

Balqis alitazama picha, akamtazama mkwewe, akatazama picha tena. Mkono wake ukapanda mdomoni. Azza alimrudisha mtoto kitandani taratibu, kama mtu anayetua kikombe kilichojaa, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi.

"Huu si mguu wa meza yangu?" akasema. Kidole chake kilikuwa kwenye pembe ya chini, pale Mahbouba alipoona kivuli tu. "Na kitambaa changu cha zambarau kinaning'inia. We Mahbouba. We bibi. Umekwenda mpaka Nizwa ukajinunua mwenyewe?"

Akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kutikisa bangili, na kikamkatikia njiani alipoona hakuna wa kukipokea.

Mahbouba hakukasirika. Aliwaonea huruma. Akawaeleza, pole pole kama anamweleza mtoto, kwamba huyu ni mama yake, Allah amrehemu, na ikiwa kuna kufanana ni damu. Akawaonyesha dalili. Mama alikuwa na baka hapa, chini ya kisogo. Yeye mwenyewe amelishika kwa kidole hiki. Mchoraji angelijuaje kama hakumwona?

Balqis alikuwa ameshuka kitandani. Ndiye anayempaka mkwewe hina ya nywele kila mwezi, tangu siku alipoolewa katika nyumba ile.

"Mama," alisema, "niwie radhi. Hilo baka unalo wewe."

"Mimi sina baka."

"Unalo. Mimi nilidhani unajua."

Akamvua shela kwa adabu, akampandisha nywele, akachukua simu. Mahbouba alisikia mlio wake mdogo nyuma ya shingo. Kisha simu ikaletwa mbele ya macho yake, na ndani ya simu mlikuwa na ngozi ya mtu mzima, yenye mikunjo miwili, na mvi zilizoshika wekundu wa hina, na chini yake punje ya buni.

Alikaa juu ya kitanda. Kichanga kikajinyoosha kikampiga teke la nyongani, hakulihisi. Umri wote huu. Amezaa, amezika mume, amehiji, na kitu kile kilikuwa kimekaa nyuma yake kimya, na kila aliyekiona alidhani mwenyewe anakijua. Marehemu Amur, mumewe, Mungu amweke pema, mtu wa maneno machache, hakuwahi kulitaja. Mkono ukamwendea wenyewe. Kidole kikapapasa, kikapita, kikarudi. Baka halina mwinuko. Halishikiki. Basi kule Wete alikuwa anashika nini?

Balqis ndiye aliyesoma jina pembeni mwa picha: Shouq. Hapo Azza akapiga kofi paja lake. Nani asiyemjua Shouq? Mwalimu wa kuchora, binti wa watu wa Sur aliyepangiwa shule ya wasichana pale Ibra, mwembamba kama fito, kila Jumatano akitoka kazini huja sokoni akanunua vitumbua, akakaa nyuma ya Mahbouba juu ya mzigo wa vitambaa, na daftari lake la kuchorachora. Mahbouba alikuwa akimwongeza kimoja kila mara kwa vile yuko mbali na mama yake.

Sasa, soko lile si la kupita mtu ovyo. Jumatano mwanamume haingii. Hata mume aliyeleta mzigo anaushusha langoni akageuka. Ndani ya ukuta ule ndipo wanawake wanapozivua abaya zao joto likizidi, shela zikateremka mabegani, midomo ikafunguka. Mahbouba mbele ya moto hubaki na gauni na kanga. Hajapata kuona haya, kwa sababu hapakuwa na wa kumwonea haya.

Soud alibisha mlango akataka kuona alichokinunua mama yake. Hawakuwahi kuificha. Alisimama kizingitini na kanzu yake yenye tone la damu ya mbuzi ukingoni, na hakuuliza ni nani. Mtoto aliyelelewa nyuma ya chungu cha vitumbua anaujua mgongo huo kuliko jina lake.

"Mama, hapa umekaa wapi?"

"Sokoni."

"Sokoni hakuna wanaume."

"Hakuna."

"Basi huyu amekutoa langoni bila abaya yako." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimtisha Mahbouba kuliko kelele. "Amekupeleka Nizwa. Watu wamekunywa kahawa mbele ya shingo yako."

Mahbouba akawakumbuka wale wa mkahawani. Mito, vikombe, ndevu zilizochanwa vizuri. Yeye aliinamisha macho alipowapita. Wao wakati huo yao walikuwa wameyainulia wapi?

Soud alimwambia Balqis alete shela. Akaifunika picha yeye mwenyewe, akaukunja ukingo wa juu nyuma ya fremu, kwa uangalifu, kama anamfunika mtu aliyelala. Akasema hataki ugomvi siku ya akika. Watu wakishakula, wakishaondoka, mambo yaliyobaki ni haya: sokoni wataanza kusema, na wenye soko ni wanawake, wao ndio walioibiwa. Wakishuhudia kwamba ni Mahbouba, yeye atakwenda shuleni kwa mkuu wa Shouq, na picha itarudi ilikotoka au itaingia motoni. Wakiwa hawajui, yeye hawezi kuwatangazia mgongo wa mama yake.

Mahbouba aliupika ubwabwa wa akika, akawapokea wageni, akacheka palipotakiwa kicheko. Wageni walijaa mpaka barazani. Kila alipoinama juu ya sufuria alihisi baridi chini ya kisogo, na mkono ukapanda kuivuta shela.

Azza aliapa kwa Mola wake kwamba hatasema. Na kweli hakusema kitu, aliuliza tu. Aliuliza huyu, akamuuliza yule, kama wamesikia kuna picha Nizwa. Kabla Jumatano haijafika, picha yenyewe ilikuwa imeshatafutwa kwenye ukurasa wa mkahawa, ikapatikana, ikatembea simu kwa simu mpaka ikarudi kwake Azza kutoka kwa dada yake aliye Sur.

Zile siku Mahbouba alilala chumba kimoja na picha iliyovaa shela. Alikuwa amekusudia kumchukia msichana yule, na alimchukia, hasa wakati wa kuloweka mchele. Amemlisha. Amemwongeza kitumbua. Mwizi wa kawaida huingia nyumba ambayo hajakula. Lakini mchana, watu wakiwa kazini na Balqis amelala na mtoto, alikuwa akiinua ile shela. Kidogo tu, kwanza. Alitaka kumwona yule mwanamke kama anavyowaona wengine: mgongo wa mama mtu mzima wa Ibra, mchuuzi. Hakuweza. Kila alipoinua, aliyekaa pale alikuwa wa Wete, na kule mbele ya moshi, upande ambao mchoraji hakuuchora, palikuwa na uso, na uso huo ukigeuka utakuwa na pua. Akajishika pua yake. Huu ulikuwa mshtuko mwingine, na huu hakumwambia mtu.

Jumatano alifika sokoni mapema, akawasha jiko, akapaka mafuta vishimo vya chungu. Hakuvua abaya. Jasho lilimtiririka mpaka kiunoni, tui la kopo likaanza kuchacha kwa joto, naye amejifunga shela mpaka chini ya kidevu kama anakwenda kwa kadhi. Majirani waliona. Wauza bukhuri na udi waliona, wauza dhahabu ya uongo waliona. Mmoja mmoja wakawa na haja ya kupita kwake.

Shouq alikuja. Hilo nalo liliwashangaza, maana alipoingia langoni wote walinyamaza, na mtu mwingine angegeuka. Alikuwa amekwisha kusikia. Uso wake ulikuwa umekauka. Hakununua kitu. Alisimama mbele ya chungu, mikono mitupu, daftari hana.

Mwanamke mmoja mkubwa, muuza bukhuri, ndiye aliyesema, kwa Kiarabu, ili wote wasikie. Kwamba hapa ni mahali pa siri ya wanawake, tangu mama zao. Kwamba leo kachorwa huyu, kesho atachorwa mwingine. Kwamba anayetoa soko nje ya soko, naye atolewe, na asirudi. Akageuka kwa Mahbouba, simu imewashwa kiganjani. "Umm Soud, tuambie tu. Ni wewe?"

Mahbouba akamtazama Azza. Azza alikuwa ameshika mkasi na kitambaa, na mdomo wake ulikuwa wazi tayari. Lile neno lilikuwa limekaa kabisa juu ya ulimi, Mahbouba aliliona. Mafuta yakaanza kunuka kuungua. Akachukua kijiti, akakizungushia kitumbua kimoja, akakigeuza, na hakujua atasema nini mpaka alipojisikia amesema.

"Huyo ni mama yangu."

Akakigeuza cha pili.

"Alikuwa akichoma vitumbua Wete. Amekufa mimi mdogo, sina picha yake nyingine. Nimeikuta Nizwa nikainunua kwa jasho langu, na iko nyumbani kwangu, imefunikwa. Sasa niambieni, mnataka kumsema marehemu?"

Nani atamsema marehemu? Muuza bukhuri akasema Allah amrehemu. Wengine wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, na simu zikazimwa. Mmoja alitamka kwamba hata hivyo kanga ile, na meza ile yenye kitambaa cha zambarau. Hapo wote wakamgeukia Azza, kwa sababu meza ni yake.

Mahbouba alikuwa ameshakitoa kitumbua cha moto, cha kwanza, chenye kingo za kahawia anavyovipenda Azza. Akamnyooshea. Azza alikitazama, akamtazama mwenye kukitoa. Akalimeza lile neno lililokuwa juu ya ulimi. Akakipokea. Akakitia chote mdomoni, moto hivyo hivyo, mpaka machozi yakamtoka.

"Vitambaa vya zambarau viko dunia nzima," alisema alipoweza.

Watu wakatawanyika, wachache hawakuridhika, lakini walitawanyika. Shouq alikuwa bado amesimama. Mahbouba alimsogezea kigoda kwa mguu, bila kumtazama.

"Mwizi mwingine hubisha hodi," alimwambia kwa Kiswahili. "Wewe hukuniomba hata mara moja."

Shouq alikuwa na Kiswahili cha kurithi kwa bibi yake, kilichovunjika vunjika. "Nilitaka kuomba, Bibi. Lakini ukijua, mgongo ingebadilika."

Mahbouba alifikiri. Ni kweli. Angenyoosha bega. Angevaa abaya. Mama angekuwa hayupo.

"Ile picha mwanangu ameivisha shela," alisema. "Hajaamua. Na mimi sijaamua."

"Na mimi nikae wapi?"

Wateja walikuwa wanangoja. Msichana akasubiri kidogo, kisha akapita kando ya jiko, akajisogeza mahali pake pa zamani, juu ya mzigo wa vitambaa, nyuma. Hakuwa na daftari. Mikono yake alikuwa ameikalia.

Jua lilikuwa limeshika bati. Mahbouba alimimina unga, akaungoja upande. Jasho lilimwingia machoni. Akafungua pini ya abaya, akaivua, akaikunja. Akabaki na gauni na kanga kama siku zote, na shela ikateleza yenyewe mpaka mabegani. Alihisi macho yametua chini ya kisogo, palepale, mepesi kama kidole cha mtoto anayetafuta usingizi.

Akanyanyua mkono wenye unga, akaishika ncha ya kanga. Hakuipandisha, hakuiteremsha. Kitumbua kilikuwa kimeiva upande mmoja.